Mtoto Kuanza PP1 Nairobi: Maswali Ambayo Wazazi Huuliza Sana

Mwisho wa mwaka ukikaribia, wazazi wanaotafuta nafasi ya Januari huja na maswali yanayofanana, awe mzazi wa Kayole, wa Kibera au wa Kileleshwa. Ninafundisha PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, upande wa Eastlands, na hapa nimeyajibu vile ninavyomjibu mzazi aliyesimama mbele yangu. Ukiwa na haraka, anza na swali la tatu na la nne. Mengine mengi yanategemea hayo mawili.

1. Mtoto aanze PP1 akiwa na umri gani?

Miaka 4. PP2 ni miaka 5, na Gredi ya 1 ni miaka 6. Huo ndio mpangilio wa mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote mwaka wa 2019.

Shule nyingi za kibinafsi hupokea watoto wa miaka 3 katika darasa la kuchezea kabla ya PP1. Hakuna ubaya ukihitaji mahali salama pa kumwacha unapoenda kazini. Lakini usimsukume mtoto wa miaka 3 aingie PP1 kwa sababu ni mwerevu. Werevu anao, ila mwili wake bado unadai usingizi wa mchana, vidole bado ni laini, na kibofu hakisubiri kengele. Kwa mtoto wa miaka 4, mwaka mmoja ni robo ya maisha yake yote. Tofauti hiyo tunaiona darasani kila siku.

2. Je, ni lazima awe anajua kusoma na kuhesabu kabla hajaja?

Hapana. Hayo ndiyo anayokuja kuyaanza.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuamua kama atapokelewa. Kinachoruhusiwa ni kumpima ili ijulikane aingie kiwango gani. Shule za kibinafsi nyingi bado huwaita watoto kwa intavyuu, na hofu ya intavyuu hiyo ndiyo inayowafanya wazazi wamlipie mtoto wa miaka 3 tuisheni ya Jumamosi. Mimi ningeshauri pesa hiyo ikae, na Jumamosi hiyo mtoto acheze.

Nina sababu. Mtoto anayekariri A mpaka Z bila kukosea lakini hawezi kusema "naomba maji" huteseka zaidi darasani kuliko yule asiyejua herufi hata moja, ila jambo likimshinda anakuja kunivuta sketi na kuniambia. Herufi tutazifikia. Yule anayeniambia kimemshinda nini naweza kumfundisha chochote.

3. Basi awe anajua kufanya nini?

Awe anaweza kujihudumia katika mambo madogo, na awe anaweza kusema anachohitaji. Ukiniuliza maana ya mtoto aliye tayari kwa shule, nitakujibu hivyo na sitaongeza lingine.

Mambo madogo yenyewe ni yapi? Chukua sweta. Saa mbili asubuhi mwezi wa Julai, Nairobi ni baridi, kila mtoto amevaa sweta. Saa nne jua likitoka wote wanataka kuivua kwa pamoja. Darasani tuna watoto thelathini, arobaini, shule nyingine hata zaidi, na mwalimu ni mmoja au wawili. Mtoto anayejua kuvua sweta yake anaivua, anaiweka kwenye mkoba, anakimbia nje. Asiyejua anabaki amesimama mikono juu, kichwa kimekwama ndani, anamsubiri mtu. Akikaa hivyo siku tano mfululizo huku wenzake wakicheza, anaanza kuamini kwamba yeye ndiye yule asiyeweza. Kujiamini kwa mtoto huanza kujengwa au kubomoka katika mambo ya aina hiyo, kabla daftari halijafunguliwa.

Sweta ya kifungo au jaketi ina mbinu yake. Litandaze sakafuni, upande wa ndani ukitazama juu, na kola iwe karibu na vidole vya miguu vya mtoto. Mwambie ainame, aingize mikono yote miwili kwenye mikono ya jaketi, kisha aiinue juu apitishe nyuma ya kichwa. Linajivika lenyewe. Watoto hulipenda jambo hili, wanaweza kulirudia mara kumi bila kuchoka.

Viatu: kata stika moja katikati, nusu ibandike ndani ya kiatu cha kushoto, nusu nyingine ndani ya cha kulia. Viatu vikiwekwa sawa picha inakamilika, na mtoto anajua vimekaa vizuri kabla hajavivaa. Mwaka wa kwanza nunua vya kubandika, kamba zitafuata.

Chakula: mpe nyumbani kopo lile lile atakalobeba shuleni na umwache alifungue. Hotipoti zingine hata mimi hunishinda kufungua, sembuse mtoto wa miaka 4. Ajue kufungua chupa yake ya maji na kuifunga tena isimwagike juu ya vitabu, kumenya ndizi, na kula bila kulishwa hata kama nusu ya wali itaishia mezani.

Kisha kuna kusema. Ajue majina yake yote mawili au matatu, kwa sababu kuna watoto wanaoitwa "Baby" nyumbani mpaka jina la cheti likisomwa darasani hawaitiki. Ajue kusema kwamba anaumwa na ni wapi, kwamba hataki kuguswa hivyo, kwamba anataka kwenda choo, kwamba hajaelewa.

Na jambo la sare: tafadhali nunua inayomtosha. Najua bei yake, na najua kwa nini tunanunua kubwa tukisema atakua nayo. Lakini mikono ya sweta inayofika magotini inaingia kwenye uji, inaingia chooni, na mtoto hawezi kushika kalamu. Viatu vinavyochopoka vinamwangusha kwenye ngazi. Ongeza saizi moja, usiongeze tatu.

4. Asubuhi ni mbio. Nikimwacha avae mwenyewe tutachelewa wote. Nifanyeje?

Usimfundishe asubuhi.

Hili ndilo kosa ambalo wazazi wengi wenye nia njema hulifanya. Wanaamua Jumatatu saa kumi na moja na nusu, matatu inapiga honi stejini, mtoto ana usingizi, kwamba leo atajifunga vifungo mwenyewe. Baada ya dakika nne mzazi ananyakua shati anamfunga kwa hasira, na mtoto amejifunza kwamba yeye ni mzito.

Fundisha jioni au Jumapili mchana, mahali ambapo hakuna anayekimbilia popote. Anza kutoka mwisho: wewe funga vifungo vyote ubakishe kimoja cha mwisho, yeye amalizie. Wiki inayofuata bakisha viwili. Kwa njia hiyo kila mara anayemaliza kazi ni yeye, na furaha ya kumaliza anaibeba yeye. Akishaweza vyote jioni bila msaada, ndipo uhamishie asubuhi.

Usiku panga nguo kwa utaratibu wa kuvaliwa: chupi juu, kisha vesti, shati, suruali au rinda, sweta chini kabisa. Mkoba ukae mlangoni. Mtoto asiyejua kusoma anasoma mpangilio huo vizuri sana.

Kisha subiri. Kwa mzazi wa Nairobi hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, maana mji mzima unatufundisha kuharakisha. Weka mikono yako mfukoni ikibidi. Mtoto anapohangaika na kifungo huku ametoa ulimi nje, hajakwama, anafanya kazi. Msaidie akikuomba, na umsaidie kile alichoomba tu. Chupi iliyovaliwa nyuma mbele haimuui mtu.

5. Amezoea choo cha kukaa nyumbani. Shuleni ni cha kuchuchumaa.

Asante kwa kuuliza, maana wengi huona haya, na suala la choo linawaliza watoto wengi zaidi kuliko masomo.

Mtoto aliyezoea poti au choo cha kukaa huogopa shimo. Anajizuia mchana kutwa, anakataa maji ili asikojoe, kichwa kinamuuma, na mwishowe anajikojolea njiani kurudi. Mpeleke mapema kwenye choo cha aina hiyo: mkienda ushago, mkiwa sokoni, au omba siku ya kumsajili aonyeshwe vyoo vya shule yenyewe. Mfanyishe mazoezi ya kuchuchumaa sakafuni kama mchezo. Mvalishe suruali ya mpira kiunoni. Mshipi na zipu ngumu ni adui wa mtoto mwenye haraka. Msichana afundishwe kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Wote wafundishwe kunawa kwa sabuni, kwa maji ya mfereji na pia kwa maji ya jagi, maana mfereji huwa mkavu siku nyingi.

Mfundishe sentensi ya kuomba ruhusa, kwa Kiswahili na pia kwa Kiingereza kama shule yake inatumia Kiingereza. Weka nguo ya kubadilisha kwenye mkoba muhula wote wa kwanza. Akijikojolea, mbadilishe nguo, yaishe. Asitajwe mbele ya ndugu zake wakati wa chakula cha jioni.

6. Alale saa ngapi?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukihesabu na ule wa mchana. Sasa piga hesabu ya kwetu. Gari la shule linamchukua kumi na mbili kasorobo, kwa hiyo anaamshwa kumi na moja. Jioni mama anafika saa mbili akitoka taoni kwa msongamano, wanakula, wanatazama taarifa ya habari, mtoto analala saa nne. Hizo ni saa 7. Mwezi mzima wa hivyo, mtoto anayelia kila asubuhi na kuuma wenzake huenda hana shida nyingine yoyote zaidi ya usingizi.

Ukiweza, chagua shule anayoweza kutembea kwenda, hata kama jina lake si kubwa. Saa moja ya usingizi kila asubuhi ina thamani kuliko basi lenye rangi nzuri. Kanuni za elimu za mwaka wa 2015 zimeweka saa za masomo kwa shule za kutwa kuwa saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kwa hiyo una haki ya kuuliza kwa nini mtoto wa PP1 anatakiwa awe darasani kumi na mbili na nusu. Ikiwa huna njia, basi ale saa kumi na mbili jioni na wale walio nyumbani, na awe kitandani kufikia saa moja na nusu. Hata kama hutampata akiwa macho siku za kazi, wikendi ni yenu.

7. Analia langoni na kunishikilia. Niondoke au nibaki?

Uage, kisha uondoke.

Kuaga kuwe kufupi na kuwe kwa namna moja kila siku: kumbatio, neno lile lile, mkono. Mwambie utarudi lini kwa saa anazozielewa yeye, kama vile "nitakuja mkishamaliza kula na kucheza nje." Usitoroke akigeuka, hata kama hilo linaonekana rahisi. Mtoto aliyetorokwa mara moja hatacheza tena asubuhi nzima, atakuwa analinda mlango. Na ukisema utakuja baada ya chakula, uje, au umtume mtu anayemjua na umwambie mapema kwamba ni huyo.

Wengi hunyamaza dakika chache baada ya mzazi kupotea machoni. Mwombe mwalimu akutumie ujumbe mfupi ukifika kazini. Wengi wetu tutafanya hivyo kwa moyo mmoja. Kilio cha wiki mbili ni cha kawaida. Kikifika mwezi, au kikianza ghafla katikati ya muhula kwa mtoto aliyekuwa amezoea, usikipuuze. Kaa naye, muulize taratibu kuhusu darasa, kuhusu gari, kuhusu choo.

Ninaomba kitu kimoja kwa wazazi wote: msitutumie sisi walimu kuwatisha watoto. "Ukikataa kula nitamwambia mwalimu akuchape" ni sentensi moja inayobomoa yote haya.

8. Walimu wanaruhusiwa kumchapa?

Hapana. Sheria ya 2013 niliyotaja inakataza adhabu ya viboko na pia mateso ya kiakili, na anayevunja kifungu hicho anatenda kosa. Hilo linahusu shule za umma na za kibinafsi. Bado kuna shule ambako mwalimu hushika kiboko mkononi, na kuna wazazi wanaotuomba tuwachape watoto wao. Mtoto anayeogopa kuchapwa haulizi maswali, na asiyeuliza hajifunzi.

9. Mtoto wangu ni mpole sana, haongei mbele ya watu. Nitampaje ujasiri?

Kwanza acha kumwita mpole mbele yake. Mtoto hulisikia jina hilo, analivaa, na anakaa nalo.

Kisha angalia ni nani anayejibu maswali yake. Mgeni akiuliza "Unaitwa nani?" mama anajibu. Jirani akiuliza "Umekula?" dada anajibu. Daktari akiuliza wapi panauma, baba anaonyesha. Mtoto atajizoeza kuongea saa ngapi? Akiulizwa, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kimya hicho kitakukera wewe zaidi ya kinavyomkera yeye, na mara nyingi ukifika saba au nane utasikia sauti ndogo ikijibu.

Mpe kazi ya kweli inayohitaji kuongea. Nendeni pamoja kwa mama mboga, simama hatua mbili nyuma yake, naye aseme: "Naomba nyanya za ishirini na dania." Atoe pesa, apokee chenji, aseme asante. Mama mboga wa mtaani ni mwalimu mzuri sana wa ujasiri. Hana haraka na mtoto na anamjua kwa jina. Wiki ya kwanza atanong'ona. Baada ya wiki kadhaa atakuwa anaulizia kama leo kuna mapera. Humo humo amejifunza kuhesabu, kuomba na kusubiri zamu yake.

Mwache aamue mambo madogo: soksi hizi au zile, chai kwanza au kuoga kwanza. Mambo mawili tu, yote unayoyakubali. Usimuulize kama anataka kwenda shule, kwa sababu jibu la hapana hutalikubali.

Sifa nazo zina namna yake. "Wewe ni mwerevu sana" humwachia mzigo, kwa kuwa kesho akishindwa anadhani werevu umeisha. Sema ulichokiona: "Ile kamba ilikushinda, ukaifungua ukaanza upya, sasa imekaza." Hapo anajua alichofanya na anaweza kukirudia. Usimpime na mtoto wa jirani, hata pale anapomshinda wa jirani.

Wako pia watoto ambao ni watulivu kwa asili yao, wanatazama kwanza muhula mzima halafu wanaingia. Hao wanahitaji tu tusiwaharakishe.

10. Nyumbani tunaongea Kiswahili na Sheng. Nianze kumsemesha Kiingereza?

Mwongeleshe lugha unayoimudu kikamilifu, ile unayoweza kusimulia, kukemea, kubembeleza na kueleza kwa nini mvua hunyesha. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja huhamia nyingine bila shida. Mtoto aliyelishwa Kiingereza cha "come, eat, sleep" tu huja kwangu akiwa na maneno machache kwa kila lugha. Sera ya elimu inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na kwa mji kama Nairobi hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Kama shosho yupo na anamsimulia kwa Kikuyu, Kikamba au Dholuo, hiyo ni mali.

Mnapooshana miguu usiku, tega kitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Atafikiri, atakosea, utamwambia akupe mji, naye atachagua Kisumu au Mombasa, kisha utamwambia ni yai. Usiku unaofuata atakutegea wewe. Kukumbuka, kusikiliza hadi mwisho, kufikiri kabla ya kujibu: yote yamo humo, na haikugharimu hata shilingi.

11. Tunaishi chumba kimoja na sina pesa za vifaa vya kuchezea. Mtoto wangu ataachwa nyuma?

La. Maria Montessori, ambaye jina lake utaliona kwenye mabango ya shule nyingi za gharama hapa Nairobi, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka wa 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Watoto wale walijifunza kunawa, kufagia, kupanga meza na kufunga vifungo. Vitu hivyo unavyo.

Mpe mchele achambue mawe. Mpe vibanio vya nguo na kamba aning'inize soksi. Kubana kibanio ndiyo kazi ile ile ya vidole itakayoshika kalamu. Mpe donge la unga unapopika chapati alisukume kwa chupa. Amimine maji kutoka jagi dogo hadi kikombe, na ukiona yamemwagika mwonyeshe kitambaa kilipo. Apange viatu vya nyumba nzima kwa jozi, apange sufuria kubwa hadi ndogo, ahesabu vijiko vya watu waliopo usiku huo. Hiyo ni hesabu ya PP1, neno kwa neno.

Weka ndoo ndogo, kikombe chake na ndala zake mahali anapofikia bila kukuita. Na kama ploti yenu ina uwanja mdogo au koridoo, mwache acheze kati, blada, bano na kalongo na wenzake. Kwenye kalongo watoto hugawana kazi, hubishana nani awe mama, na huyasuluhisha wenyewe. Sina somo darasani linalofundisha hilo vizuri zaidi.

12. Dada wa nyumbani anamfanyia kila kitu.

Anafanya hivyo kwa sababu anaogopa kulaumiwa nguo zikichafuka au chakula kikimwagika. Mwite mkae, mwambie waziwazi kwamba uchafu wa mtoto anayejifunza hutamhesabia yeye. Kubalianeni vitu viwili ambavyo mtoto atajifanyia mwezi huu, vile vile kwako, kwake, na kwa baba. Mtoto anayejilisha Jumapili na kulishwa Jumatatu atachagua kulishwa.

13. Na simu?

Mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani unasema muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku kwa umri wa miaka 3 na 4, na ukipungua ni bora. Mimi naongeza mawili: isiwepo wakati wa kula, na isiwe dawa ya kunyamazisha kila kilio, maana mtoto anayenyamazishwa kwa katuni hajifunzi kujituliza.

14. Chakula cha shule kikoje?

Katika shule za msingi za umma na vituo vya chekechea vya kaunti kuna mpango wa Dishi na County, ulioanza 2023 kwa ushirikiano wa Kaunti ya Nairobi na shirika la Food4Education. Mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo, na mtoto hugusisha bangili ya mkononi anapochukua chakula. Mfundishe mtoto kuitunza bangili hiyo. Shule za kibinafsi kila moja ina utaratibu wake, uliza kabla ya kulipa karo. Asubuhi asitoke bila kitu tumboni, hata kama ni uji kikombe kimoja.

15. Ninawezaje kumpa uhuru katika mji huu na bado awe salama?

Uhuru wa mtoto wa miaka 4 ni wa ndani ya nyumba, darasa na ploti. Barabara si yake bado. Ashikwe mkono, na kwenye Jogoo Road au Outer Ring Road mtumie daraja la wapita njia kila siku, hata likiwa mbali, ili akikua asijue njia nyingine. Boda boda ikiwa hamna budi, asikae mbele juu ya tangi, na asibebwe pamoja na wenzake watatu.

Akariri nambari moja ya simu ya mzazi. Iimbeni kwa wimbo wowote mkiwa mnaoga. Ajue jina lako halisi, si "mama" pekee, na jina la mtaa. Andikisha shuleni watu wanaoruhusiwa kumchukua, na mkubaliane neno la siri la nyumbani: mtu asiyelijua hata akisema ametumwa na mama, mtoto arudi kwa mwalimu.

Mfundishe sehemu zote za mwili kwa majina yake. Mwambie hakuna mtu, awe mjomba, dereva, mwalimu au mtoto mkubwa, anayeruhusiwa kumgusa sehemu za siri na kumwambia asiseme. Akikuambia jambo kama hilo, mwamini kwanza. Nambari 116 ni ya bure, ni ya kusaidia watoto, na mzazi pia anaweza kuipiga.

16. Ana miaka minne na maneno yake ni machache. Nisubiri?

Usisubiri. Anza na masikio: je, hugeuka ukimwita kutoka nyuma? Huongeza sauti ya runinga? Amewahi kutokwa usaha? Mwone mhudumu wa kliniki. Kisha omba tathmini katika vituo vya kupima mahitaji ya mtoto ya kielimu, vinavyojulikana kama EARC, au katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani. Tathmini haimbandiki mtoto jina baya. Inatuambia sisi walimu tumkalishe wapi na tumsemeshe vipi. Uhuru wa mtoto mwenye ulemavu unafundishwa kwa njia ile ile ya swali la nne, kwa hatua ndogo zaidi na muda mrefu zaidi. Nimesikitika mara nyingi kuona mtoto aliyefichwa nyumbani hadi miaka 7, ilhali angeanza na wenzake.

17. Nibebe stakabadhi gani siku ya kumsajili?

Cheti cha kuzaliwa na nakala zake, kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto chenye chanjo, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na picha ndogo shule ikihitaji. Cheti huombwa kupitia eCitizen. Ukiwa huna, anza Oktoba, usingoje Januari. Mwambie mwalimu pia kuhusu pumu, kifafa, au chakula kinachomdhuru, kwa maandishi.

18. Baada ya wiki ya kwanza nitegemee nini?

Tegemea mtoto aliyechoka. Huenda akarudi kunyonya kidole, akakojoa kitandani, au akataka kulishwa tena. Mlishe usiku mmoja ikiwa anakuomba, kisha mrudi kwenye utaratibu wenu. Ukimuuliza "Leo mmefanya nini?" atakwambia "hakuna." Muulize badala yake alikaa karibu na nani wakati wa uji, nani alilia, wimbo gani waliimba. Penseli ikipotea, mwache aende mwenyewe kwa mwalimu aulizie. Sisi tunamsubiri.